Kunyamaza siyo kuficha

Jamani, wiki iliyopita nimepoteza aya sita za makala niliyoihangaikia siku nne. Kosa ni langu, lakini ndani yake kuna hoja.

Makala zangu nazitunza kwa Git, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux. Watengeneza programu ndio wenyewe, ila hata mwandishi wa habari inamfaa: aya uliyoifuta leo, kesho unairudisha. Nina skripti mbili. Moja inahifadhi kazi kila nusu saa, nyingine inaonyesha jina la tawi kwenye mstari wa amri.

Tatizo ni kelele. Ukiwa kwenye folda isiyo ya Git, kila ukibonyeza Enter inalalamika kwamba hapa si mahali pake. Nikafanya wanachofanya wengi: malalamiko yote nikayatupa /dev/null, lile shimo la Linux lisilorudisha kitu. Kukawa kimya. Raha!

Kumbe... Nilikuwa nimehamishia folda ya makala kwenye diski ya nje, ambako kompyuta yangu inahesabu kila faili ni mali ya mtumiaji mwingine, japo inaniruhusu kuandika. Tangu toleo la 2.35.2 la Aprili 2022, Git inakataa kufanya kazi kwenye folda ya mtu mwingine, kwa sababu za usalama. Ikakataa, ikasema, na maneno yake yakaishia shimoni. Jina la tawi lilipotea, lakini sikushtuka, maana hupotea pia kwenye folda za kawaida. Siku nne hakikuhifadhiwa kitu.

Sisemi programu zipige kelele. Amri ya git diff --quiet haitamki neno, lakini inapomaliza inaacha namba: 0 hakuna mabadiliko, 1 yapo. Skripti imejibiwa. Huo ndio ustaarabu.

Sasa iulize git rev-parse. "Hapa hakuna Git" jibu ni 128. "Folda si yako" jibu ni 128 hiyo hiyo! Skripti ikitaka kujua tofauti lazima isome maneno ya kosa, na maneno hubadilika kwa toleo na kwa lugha ya kompyuta. Ndiyo maana tunachoka na kuziba kila kitu.

Ninachotaka ni kidogo: kila sababu ya kukataa iwe na namba yake, na kunyamaza kuhusu jibu la kawaida tu, siyo hatari. Na sisi watumiaji tuache uvivu. Skripti yangu ya kuhifadhi sasa inaandika makosa kwenye faili, na ikipata namba yoyote isiyo 0 inaniwekea alama nyekundu kwenye mstari wa amri.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wa kwangu nimeshausikia. Wewe, skripti zako zimenyamazia nini?