Ng'ombe apimwe, asikadiriwe



Nina dukuduku kuhusu uuzaji wa ng'ombe minadani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kishapu, mkoani Shinyanga, lakini kabla ya kwenda chuo cha ualimu niliwahi kufanya kazi ya kuswaga ng'ombe katika mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Kwa hiyo haya ninayoyasema sikuyasikia kwa watu.

Lililonisukuma kuandika ni swali la mtoto. Hivi karibuni nilikuwa nikifundisha Darasa la Tano vipimo vya uzito, nikawataka wanafunzi wataje vitu vinavyouzwa kwa kilo. Wakataja pamba, choroko, mchele, sukari na nyama. Ndipo mmoja akauliza: "Mwalimu, kama nyama inauzwa kwa kilo, mbona ng'ombe wa baba hapimwi?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana nilikumbuka Pugu.

Nilifika Pugu mwaka 2008, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na nyumbani hakuna fedha ya kunisogeza mbele. Mjomba wangu alikuwa akisafiri na ng'ombe wa wafanyabiashara, akanichukua. Wasomaji wa Dar es Salaam wanaufahamu mnada ule, kwani kitoweo chao kingi hupitia pale. Ng'ombe hutoka kwetu Shinyanga, Mwanza, Tabora, Singida na Dodoma, wakamalizikia Pugu kabla ya kwenda machinjioni. Njia hiyo ni ya zamani. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Tangu hapo ng'ombe wa Usukuma akapata njia ya kwenda pwani pasipo kutegemea miguu yake. Wazee niliowakuta pale walikuwa wakisimulia habari za mabehewa ya ng'ombe, na za kiwanda cha Tanganyika Packers kule Kawe kilichokuwa kikitengeneza nyama ya kopo. Kiwanda hicho kilikwisha kufungwa, na siku hizi jina lake limebaki kwenye viwanja vya mikutano.

Wakati wangu wengi walikuja kwa malori. Lori likiingia usiku, sisi vijana tulikurupuka kwenda kushusha. Ng'ombe aliyesimama siku mbili ndani ya lori hushuka akiyumba kama mlevi, na aliyeanguka njiani huwa amekanyagwa na wenzake. Tuliwainua kwa kuwashika mkia na pembe, tukawaingiza zizini, tukawapa maji na majani, kisha tukakesha tukiangalia alama za rangi ili mali ya huyu isichanganyike na ya yule. Alfajiri walifika mama lishe na uji, wauza kamba na fimbo, wakaguzi wa vibali, madalali na wachinjaji. Jua likipanda, vumbi la samadi lilikuwa limekwisha kutukaa kooni. Tulilipwa kwa kichwa cha ng'ombe. Siku moja dume lilinikanyaga, na kucha ya kidole gumba cha mguu haijaota sawasawa hadi leo. Lakini silalamiki, kwani fedha ile ndiyo iliyoninunulia godoro na sare za kwenda chuoni.

Jambo lililonishangaza ni kwamba pale tuliita mnada, lakini sikusikia mtu akinadi. Dalali na mnunuzi walimzunguka mnyama, wakapapasa nundu, wakaminya kiuno, wakatazama mapaja, kisha wakapatana. Kulikuwa na mzee mmoja aliyechinja ng'ombe maisha yake yote. Alikuwa akimtazama dume mara moja tu na kutaja kilo za nyama zitakazotoka. Vijana tulibishana naye kwa dau la soda, na kila nyama ilipopimwa machinjioni, soda tulimnunulia sisi. Yule mzee alikuwa na mizani machoni. Mfugaji aliyekuja na ng'ombe wake watatu mara moja kwa mwaka angeipata wapi mizani hiyo?

Siku moja alifika mzee wa huku kwetu, aliyefuatana na madume yake mwenyewe akiogopa kupunjwa na walanguzi wa njiani. Aliuza dume kubwa, akahesabu noti mara mbili, akamshukuru mnunuzi kwa mikono miwili. Alipoondoka, yule mchinjaji alitikisa kichwa, akasema dume lile limechukuliwa bure. Nami nilikuwa nimeyasikia makadirio yake kabla ya bei kukatwa. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu ujira wangu wa siku ile ulitoka kwa yule mnunuzi. Mzee aliniaga kwa Kisukuma, akaniita mwanangu. Jambo hili linanisumbua hata sasa.

Ndugu wasomaji, hebu tupige hesabu ya darasani. Tuseme dume lina uzito wa kilo 300 likiwa hai, na bei ni shilingi 4,000 kwa kilo. Mnunuzi akimwaminisha mfugaji kwamba dume halizidi kilo 250, mfugaji amepoteza kilo 50, yaani shilingi 200,000, kwa mnyama mmoja. Hizo ni sare, madaftari na viatu vya watoto wake. Kisha nyama ya ng'ombe huyo huyo inapofika buchani, hata robo kilo hupimwa. Mlaji anauziwa kwa mizani, na mchinjaji anauza kwa mizani. Ni mfugaji peke yake anayeuza kwa macho, tena kwa macho ya mwenziwe!

Huyu mfugaji ndiye pia mkulima wa pamba. Pamba aliyoilima kwa miezi michache inapimwa mbele yake, na mizani ikichezewa anapiga kelele. Ng'ombe aliyemlea miaka mitano, akamvusha katika ukame na ndigana, anaondoka kwa kukadiriwa. Serikali inapiga vita lumbesa katika magunia ya viazi na vitunguu, nasi tunaiunga mkono. Je, kumkadiria ng'ombe siyo lumbesa ya mfugaji?

Najua madalali watasema kilo si kila kitu, kwani ng'ombe mzee na mtamba hawalingani nyama. Ni kweli. Basi na wapangwe madaraja, na kila daraja liwe na bei yake kwa kilo. Watasema pia kuna wafugaji watakaowalambisha ng'ombe chumvi wanywe maji mengi kabla ya kupimwa. Hilo nalo ni kweli, nimeliona. Lakini dawa yake ni kuweka saa ya kunywesha na saa ya kupima. Hatujaacha kupima pamba kwa sababu kuna watu wanaoitia maji au mchanga.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, mizani ianzie katika minada ya vijijini, maana huku ndiko mfugaji anakouzia. Kuiweka mwisho wa safari tu ni kumsaidia aliyekwisha nunua. Pili, pale ilipo itumike kwa lazima, kwani mizani isiyolazimishwa hugeuka chuma cha kuegemea. Tatu, bei ya kilo kwa kila daraja iandikwe ubaoni asubuhi ya mnada, kwa maandishi makubwa, ili hata mtoto wa Darasa la Tano aweze kumsomea baba yake.

Wafugaji wenzangu, nasi tusingoje kubembelezwa. Tukifika mnadani tuulize mizani iko wapi kabla ya kuuliza bei. Na nyinyi vijana mnaoswaga ng'ombe, ambao jasho lenu nalijua, mkimwona mzee anapunjwa mnong'onezeeni. Mimi sikufanya hivyo, na nafasi ile hairudi tena.

Mwalimu wa Kijijini,
Kishapu,
SHINYANGA.