Riba Haingoji Umeme

Nafanya kazi ya mikopo katika sacco hapa Kilifi. Mvuvi akija kuomba pesa za mashine ya boti, kwanza namuuliza: itaingia majini lini? Riba huanza kuhesabiwa siku pesa zinapotoka, si siku samaki wanapofika sokoni.

Serikali inapopanga kinu cha nyuklia, jana Uyombo hapa Kilifi na leo Siaya, ningependa ijibu swali hilohilo. Nishati safi naitaka, tena sana; nilifurahi mwaka 2019 leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu ilipofutwa. Na nyuklia haichafui hewa. Shida ni kwamba gharama yake kubwa haiko kwenye mafuta, iko kwenye ujenzi na riba ya miaka ya kungoja. Vinu viwili vipya vya Vogtle, Marekani, vilikadiriwa dola bilioni 14. Vilikamilika 2023 na 2024, vimechelewa miaka saba, kwa zaidi ya bilioni 30, na wateja walianza kukatwa kwenye bili hata kabla ya umeme kuwaka. Misri nayo inajenga El Dabaa kwa mkopo wa Urusi wa dola bilioni 25.

Mwaka 2025 Benki ya Dunia iliondoa marufuku yake ya kufadhili nyuklia. Vyema. Lakini mkopo kupatikana hakuondoi gharama ya kungoja: sisi tuliwahi kulipia mitambo ya upepo ya Turkana ikiwa imekaa bure, nyaya za umeme hazijafika. Mkataba wa kinu uchapishwe kabla ya kutiwa saini, kwa Kiswahili na Kijaluo, na kifungu cha nani atalipia ucheleweshaji kisomwe barazani Siaya.