"Lini utakuwa kapteni?"

 

Safu ya leo naiandikia familia zenye kijana aliyesomea urubani, na yeyote anayemsukuma mtoto wake apande cheo. Mtoto wa kaka yangu ni rubani msaidizi hapa Uingereza. Ana miaka sita katika kiti cha kulia, na kila harusi, kila msiba na kila simu ya Idi kutoka Tanga huishia kwenye swali lilelile: "Lini utakuwa kapteni?" Mwaka huu kampuni yake ilimwita aanze kupimwa kwa ajili ya ukapteni. Akaomba asubiri mwaka mmoja. Kundi la familia la WhatsApp likawaka moto. Mmoja akasema kijana anaogopa, mwingine akasema Wazungu wamemvunja moyo, na baba yake akanipigia simu nimfunde, kwa kuwa shangazi aliye karibu ni mimi.

Nikamsikiliza kijana kwanza. Baada ya hapo nilimwambia kaka yangu kwamba mwanawe yuko sawa, na leo nawaeleza na ninyi kwa nini.

Saa za kuruka ni mlango tu

Hapa Uingereza, rubani hawezi kupata leseni kamili ya kuongoza ndege kubwa za abiria kabla ya kutimiza saa 1,500 za kuruka, na mashirika mengi hutaka zaidi ya hizo. Saa zikitimia, mtu amefika mlangoni, hajaingia. Yanafuata mafunzo ya ukapteni. Kuna siku za simyuleta, mashine inayoiga ndege halisi, ambamo injini huzimwa ghafla, uwanja hufungwa kwa ukungu na mafuta yanazidi kupungua. Kisha huja safari zenye abiria wa kweli, zisizopungua 10 kwa anayeijua tayari aina hiyo ya ndege. Yeye hukaa kiti cha kushoto, na kulia kwake hukaa kapteni mkufunzi. Mwisho huja mkaguzi. Hata akifaulu, kila miezi 6 atarudi simyuleta kupimwa upya, mpaka astaafu.

Abiria wengi hawajui kwamba rubani msaidizi naye huirusha ndege na kuitua, kwa zamu na kapteni wake. Mtoto wetu ameshatua mara nyingi sana, na huenda baadhi yenu mlikuwa ndani. Kwa hiyo wanaompima hawahangaiki sana na mikono yake. Wanatazama anavyofikiri mambo yanapoharibika, anavyogawa kazi, anavyozungumza na wenzake, na kama anamsikia aliye chini yake.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike.

Usiku wa Douala

Wengi wetu tunaikumbuka ndege ya Kenya Airways iliyoanguka Douala, Kamerun, usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 5 Mei 2007. Ilikuwa imetoka Abidjan, ikielekea Nairobi. Walikuwamo watu 114, na hakupona hata mmoja. Ndege ilikuwa Boeing 737-800 mpya, haijamaliza hata mwaka kazini. Ilianguka kwenye mikoko, kilomita 5 hivi kutoka uwanjani, na ilichukua zaidi ya siku nzima kuipata.

Ripoti ya uchunguzi ya Kamerun ilitoka mwaka 2010. Kapteni alikuwa na saa zaidi ya 8,000 za kuruka. Msaidizi wake alikuwa kijana wa miaka 23, mwenye saa mia 8 hivi. Sitawataja majina, maana wana familia, na huenda baadhi yao wanatusoma. Ndege ilipaa katika giza baada ya mvua kubwa ya radi. Kapteni alitamka kwamba mtambo wa kuiendesha ndege yenyewe uwashwe, lakini haukuwashwa, na hakuna aliyehakikisha. Ndege ikaanza kulalia kulia polepole, kidogo kidogo, na kwa sababu nje hakukuonekana kitu, miili yao haikuhisi. Saa za mbele yao zilikuwa zinaonyesha, ila hakuna aliyekuwa akizitazama. King'ora kilipolia, kapteni alichanganyikiwa. Kijana alipopaza sauti kumwambia aelekee kushoto, muda ulikuwa umekwisha.

Wachunguzi hawakuishia kwenye usiku ule. Walifungua mafaili ya mafunzo ya kapteni na kukuta wakufunzi walikuwa wameandika udhaifu wake, ukiwemo wa kufanya kazi na wenzake na wa kutambua hali inayomzunguka. Walieleza pia kwamba alikuwa mtu wa amri kwa walio chini yake, na kwamba msaidizi alikuwa mpole, si mwepesi wa kumpinga mkubwa. Kasoro zilionekana, zikaandikwa, na bado akabaki na mistari yake minne begani.

Kwa hiyo wanaoamua nani awe kapteni wakisema "bado", wana sababu ya kusema hivyo. Na kijana akijisemea mwenyewe "bado" kabla yao, amewaonyesha kwamba anajiona.

Heshima tunayowafunza nyumbani

Sisi tumelelewa na methali inayosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni maneno ya kweli, nami wanangu nimewafunza. Lakini kijana wa Douala, kwa jinsi ripoti inavyomweleza, nadhani ni kijana ambaye nyumba nyingi za kwetu zingemsifu. Ni mtulivu, ana adabu, hamkatizi mkubwa. Adabu hiyohiyo, ndani ya chumba cha marubani saa sita usiku, ilihitaji kuwa na ulimi.

Baada ya ajali kadhaa za miaka ya 1970, mashirika ya ndege duniani yalianza kuwafundisha marubani namna ya kusemezana, na leo ni somo la lazima. Msaidizi hufundishwa kusema mapema na waziwazi, na ikibidi kuchukua usukani. Kapteni hufundishwa kukaribisha maneno hayo. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, ni kweli. Katika ndege anayebeba dhamana ni mmoja tu. Lakini nahodha wa jahazi aliyekataa kumsikia baharia aliyeona mwamba, naye hakufika bandarini.

Mtoto wa kaka yangu aliniambia hivi: "Shangazi, ndege naiweza. Ila kila tukifika penye uamuzi mzito, bado namtazama kapteni usoni kabla sijajua mimi mwenyewe nafikiri nini. Nikikaa kushoto, nitamtazama nani?"

Nilikaa kimya kidogo. Kisha akanieleza alivyopanga huo mwaka. Kwenye kila safari, kabla kapteni hajatamka uamuzi, yeye anautamka wake: tungoje au tugeuke, tuongeze mafuta au tuondoke na yaliyopo. Halafu wanalinganisha. Mkufunzi wake alikubali, na akamwambia ajizoeze pia kuwauliza wahudumu wa ndege wanaonaje hali kule nyuma, maana kapteni ambaye haulizi huambiwa mwishoni.

Kusema "leo siwezi"

Kuna ajali nyingine ambayo sisi wa London tunapita karibu nayo kila tukienda Heathrow. Tarehe 18 Juni 1972 ndege ya shirika la BEA ilipaa kutoka hapo kwenda Brussels, ikaanguka Staines kabla dakika 3 hazijatimia. Wote 118 walikufa. Kapteni Stanley Key, mwenye miaka 51, kabla ya safari alikuwa amerushiana maneno makali na rubani mmoja kule uwanjani, kwa sababu ya mgomo uliokuwa ukizungumzwa. Uchunguzi ulikuta pia moyo wake ulikuwa na ugonjwa ambao haukuwa umejulikana. Mmoja wa aliokuwa nao mbele alikuwa na miaka 22 tu, mgeni wa kazi.

Ukomavu wa kapteni hujumuisha na hili: kujua kama hasira ya nyumbani, usingizi pungufu au maumivu ya kifua yamekufuata mpaka kazini, na kuthubutu kusema "leo siwezi", hata kama abiria wamejaa na kampuni inasubiri. Mtu ambaye maisha yake yote ameambiwa kwamba kusita ni aibu atalitoa wapi neno hilo?

Tufanye nini sisi wazazi na mashangazi

Kwanza, tuache kutangaza cheo kabla hakijaja. Kaka yangu alikuwa ameshawaambia watu msikitini, na kijana alijua. Mzigo huo huingia naye kwenye simyuleta.

Pili, mtoto akikusahihisha kwa adabu, mshukuru mbele ya wenzake. Anayemzoea baba anayesema "ahsante, sikuliona hilo" atamwambia kapteni, na siku moja atakuwa kapteni anayeambiwa.

Tatu, kabla hujampa uamuzi wako, muulize: "Wewe ungefanyaje?" Umri wa kuanza ni wowote. Mwanangu wa miaka 9 huamua tupite njia gani basi likichelewa, na tukipotea tunapotea wote.

Nne, tusihesabu miaka ya mtu kwa vidole vyetu. Irene Koki Mutungi aliingia Kenya Airways mwaka 1993 akiwa mwanamke wa kwanza kuwa rubani wa shirika hilo, na ukapteni aliupata mwaka 2004. Ni miaka 11. Baadaye akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Hiyo miaka 11 sidhani kama kuna anayemdai.

Najua wapo vijana wanaosema "bado" kwa woga tu, na wapo wanaocheleweshwa kwa uonevu. Hao wanahitaji msaada wa namna nyingine. Njia ya kuwatofautisha ni rahisi. Kijana wako akikuambia bado, muulize anangoja nini. Akishindwa kukitaja, kaa naye mzungumze. Akikitaja kwa jina, na akakueleza anavyokifanyia kazi, mwombee dua na umwachie nafasi.

Tukutane safu ijayo, Mungu akipenda.