Nishani ya Carter Iwe ya Wawili: Barua ya Wazi kwa Bunge la Marekani

Kwa Wajumbe wa Seneti na Baraza la Wawakilishi,
Washington.

Waheshimiwa,

Januari 9, 2025, Mzee Jimmy Carter alizikwa nyumbani kwake Plains, Georgia, kando ya Mama Rosalynn, aliyemtangulia Novemba 2023 baada ya miaka 77 ya ndoa. Naandika kuwaomba muwatunuku Nishani ya Dhahabu ya Bunge, ile ambayo wa kwanza kupewa alikuwa George Washington mwaka 1776, na muwape wote wawili kwa muswada mmoja.

Si jambo geni kwenu. Gerald Ford na mkewe Betty walikabidhiwa mwaka 1999. Sheria ya kuwatunuku Ronald na Nancy Reagan ikapita mwaka uliofuata. Carter alimshinda Ford mwaka 1976, akashindwa na Reagan mwaka 1980. Wa kabla yake kapata, wa baada yake kapata. Yeye kaingia kaburini bila nishani hiyo, ilhali katika hao watatu ndiye aliyechapa kazi zaidi baada ya kutoka Ikulu.

Mtauliza mzaliwa wa Kivu yanamhusu nini haya. Machi 17, 1980, Rais Carter alitia saini Sheria ya Wakimbizi. Kabla ya hapo, sheria yenu ilimtambua hasa mtu aliyekimbia ukomunisti au aliyetoka Mashariki ya Kati. Sheria mpya ikafuata tafsiri ya Umoja wa Mataifa: mkimbizi ni yeyote anayeogopa kuteswa kwa rangi yake, dini yake, utaifa wake, kundi lake la kijamii au msimamo wake wa kisiasa. Kwa sheria hiyo ndiyo Wakongomani wa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tulifika Clarkston, mji mdogo nje ya Atlanta ambako Kiswahili leo husikika dukani na kanisani.

Sisemi alikuwa malaika. Mei 1978, vita vya jimbo la Shaba vilipomtikisa Mobutu, mtawala wa Kongo yetu wakati huo, ndege za jeshi lenu zilisaidia kusafirisha askari na vifaa vya kumnusuru, na Septemba 1979 Mobutu akapokewa Ikulu na Rais yuleyule aliyekuwa akihubiri haki za binadamu. Wazee wetu wakikunja uso kwa kusikia jina la Carter, wana sababu. Hata mikutano aliyowaitia viongozi wa Maziwa Makuu, Cairo mwaka 1995 na Tunis mwaka 1996, haikuzuia vita vilivyotufuata. Lakini alijaribu, tena wakati wakubwa wengi walikuwa wametugeuzia mgongo.

Kazi iliyofanikiwa ni ile ya mnyoo wa Guinea. Mtu hunywa maji ya bwawa yenye vijidudu vilivyobeba viluwiluwi vya mnyoo huo, na baada ya mwaka hivi mnyoo wa urefu wa mita moja hutoboa ngozi, mara nyingi mguuni, ukatoka taratibu kwa siku nyingi na kwa maumivu makali. Hauna dawa wala chanjo. Kituo cha Carter, alichokianzisha pamoja na Mama Rosalynn mwaka 1982, kilishika kazi hiyo mwaka 1986, wagonjwa wakikadiriwa kuwa milioni 3.5 kwa mwaka. Silaha zilikuwa kitambaa cha kuchujia maji, na mtu wa kijiji hichohicho wa kumzuia mgonjwa asitie mguu bwawani. Uganda ilithibitishwa kuutokomeza mwaka 2009, Kenya mwaka 2018. Mwaka 2024, dunia nzima, waliripotiwa watu 15.

Msije mkaandika jina la mume, halafu mke mkamtaja kwa adabu tu. Mama Rosalynn alikaa kwenye vikao vya Baraza la Mawaziri akiandika yanayosemwa, akasemwa kwa hilo. Mwaka 1979 alikuja mbele ya kamati ya Seneti kutetea wagonjwa wa akili. Sheria aliyoipigania ilipita mwaka 1980, na mwaka uliofuata Bunge lenu likaivunjavunja. Hakususa. Alirudi kwenu mwaka 2007, akiwa na miaka 79, na mwaka 2008 mkapitisha sheria ya kuzuia bima zinazogharimia matibabu ya akili zisiyabane kuliko ya magonjwa mengine. Sisi tuliotoka vitani, tuliozoea kusikia mgonjwa wa namna hiyo akiitwa mwenye mapepo, tunajua uzito wa kazi ile. Na mwaka 1987 alianzisha taasisi ya kuwasaidia wanaouguza ndugu zao nyumbani, watu ambao kwa kawaida hakuna anayewauliza wamelala saa ngapi.

Taratibu zenu zinataka theluthi mbili ya wajumbe waunge mkono muswada wa nishani: 290 kwa Wawakilishi, 67 kwa Seneti. Carter hakuwa mtu wa chama kimoja siku alipopigilia misumari nyumba za maskini, kwa hiyo sahihi hizo zisiwashinde.

Kuna jingine. Siku 11 baada ya maziko ya Plains, amri ya Rais mpya ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi uliojengwa juu ya sheria ile ya 1980. Waliokuwa wamekwisha kupimwa afya na kupewa tarehe ya safari waliambiwa wasubiri. Mkimtunuku Carter dhahabu na kuwaacha hao wakisubiri, mtakuwa mmeheshimu jina lake tu. Leteni muswada wenye majina yote mawili, na siku ya kuujadili muwaulize wahusika lini sheria ya 1980 itaanza tena kufanya kazi.

Wenu,
Mkimbizi wa zamani wa Nyarugusu,
Clarkston, Georgia