Kazi Ndiyo Mgeni, Watoto ni Wenyeji

Mikutano ya kazi ya mtandaoni huanza kwa kuombana radhi. Huyu anaomba radhi kwa kuwa jogoo amewika, yule kwa kuwa mtoto analia, mwingine kwa kuwa fundi wa jirani anagonga bati. Mimi ni mhasibu. Ninafanya kazi nikiwa nyumbani Tandika, Dar es Salaam, kwa kampuni ya usafirishaji yenye ofisi kuu Nairobi, na msimamo wangu nausema wazi: radhi hizo hazina sababu. Jogoo, mtoto na fundi walikuwepo. Kazi ndiyo iliyowafuata.

Nyumba yetu ni ya kupanga, vyumba vyote vinatazama ua mmoja. Asubuhi hupita muuza kahawa akigonganisha vikombe. Nyuma yake huja baiskeli yenye kipaza sauti kinachorudia maneno yaleyale bila kupumua: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Siku ya mkutano wa bajeti, meneja wetu aliuliza kama kuna mwenye la kuongeza, na kipaza sauti kikajibu kwamba hata kunguni sugu hapiti hapo. Tulicheka mpaka mtu mmoja akazima kamera. Tulipotulia, mwenzetu wa Kampala akauliza, kwa dhati kabisa, dawa hiyo inauzwaje.

Mwanangu wa darasa la tatu ni mpenzi wa filamu za kigeni zinazosimuliwa kwa Kiswahili, ule usimuliaji uliompa msimulizi Lufufu jina tangu enzi za kanda za video. Siku hizi anazipata kwenye YouTube. Jioni moja nilikuwa naeleza hesabu za robo mwaka, naye akasimama nyuma ya kiti changu, akaikazia macho skrini na kuanza kazi: “Huyu mwenye miwani ndiye stelingi, msiwe na wasiwasi, stelingi hafi. Yule aliyekaa kimya kule pembeni ndiye adui, anapanga njama.” Aliyekaa kimya pembeni alikuwa mkaguzi wa hesabu. Alicheka kuliko sisi sote, na kwa mara ya kwanza tukamsikia akizungumza na watu bila kuwatisha.

Kisha yupo bibi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Kilwa. Aliingia chumbani, akaona nyuso zimejipanga kwenye kompyuta, akasimama kungoja. Kimya. Akanigeukia: “Mjukuu wangu, hawa watoto wa nani, hawajui kumsalimia mtu mzima?” Kilichofuata sitakisahau. Mmoja baada ya mwingine wakawasha vipaza sauti vyao: shikamoo bibi, shikamoo bibi, mkurugenzi akiwamo. Bibi akaitikia marahaba kwa kila mmoja, akauliza hali za nyumbani kwao, kisha akanigombeza kwa kutowakaribisha wageni chai. Kabla ya hapo tulikuwa tumekwama tukibishana juu ya gharama za mafuta ya magari. Baada ya salamu zile, watu walisikilizana.

Dunia nzima inayajua haya. Tarehe 10 Machi 2017, Profesa Robert Kelly alikuwa akihojiwa na BBC akiwa nyumbani kwake Busan, Korea Kusini, kuhusu kuondolewa madarakani kwa Rais Park Geun-hye. Binti yake mdogo akaingia akitamba, mdogo wake akafuata kwa kigari chake cha magurudumu, na mama yao akaja mbio kuwakusanya. Mamilioni ya watu waliitazama video hiyo. Februari 2021, wakili Rod Ponton alitokea mbele ya jaji wa Texas kwa njia ya mtandao akiwa na sura ya paka aliyowekewa na programu ya kompyuta, akalazimika kueleza kwamba yeye si paka. Uchambuzi wa Profesa Kelly juu ya siasa za Korea watu wameusahau. Binti yake wanamkumbuka, kwa sababu kila mzazi alijiona pale.

Tena burudani yenyewe imehamia huku nyumbani. Mwaka 2020 mchekeshaji Elsa Majimbo alijirekodi kwa simu akiwa nyumbani Nairobi, miwani ya jua usoni na krispi mkononi, akajulikana hadi Marekani. Kwetu Tandika kompyuta ya kazi ikifungwa, simu inachukua zamu: mdogo wa mwisho anataka katuni za Ubongo Kids, majirani wanataka tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Bando hukata siri inapotaka kufichuka. Hapo ua wote hujaa watu, kila mmoja akiimalizia hadithi kwa akili yake, na mara nyingi mwisho wa mama wa chumba cha mbele huwa mtamu kuliko wa tamthilia yenyewe.

Kwa hiyo naumia ninapoona miongozo ya waajiri inayomtaka mfanyakazi awe “mahali tulivu, pasipo mtu mwingine”. Mahali hapo pako wapi katika nyumba ya vyumba viwili yenye watoto watatu? Namfahamu mama aliyekaripiwa mbele ya wenzake kwa sababu kichanga chake kililia. Nawafahamu watoto wanaofukuzwa kwenda barabarani jua la saa saba ili mkutano usisikie kicheko. Huko ni kuwaonea watu ndani ya nyumba yao.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wetu ni kazi. Programu ya mikutano ya Zoom ilikuwa na washiriki milioni 10 kwa siku Desemba 2019. Machi 2020 walivuka milioni 200. Kazi iliingia majumbani kwa kishindo, na siku zake za ugeni zimekwisha. Ishike jembe: ilipie bando na umeme inaotumia, badala ya mfanyakazi kununua LUKU ili kampuni iokoe pango la ofisi. Iheshimu saa za nyumba, isiite mkutano wakati wa maghribi watu wakiswali, watoto wakioga na chakula kikiwa jikoni.

Nasi wafanyakazi tufanye wajibu wetu. Hesabu ziwe sahihi, ripoti ifike kwa wakati, kipaza sauti kifungwe zamu ya kusema inapokuwa ya mwingine. Mwajiri ana haki ya kudai hayo yote. Kunyamazisha watoto wetu, bibi zetu na majogoo wetu hana haki nako, na akidai tumkatalie kwa adabu.