KUMDEKEZA MTOTO SI KUMPENDA



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad,

Ndugu wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, mwaka huu tumeona tuzungumzie malezi ya kudekeza, maana matunda yake sisi walimu tunayaona kila siku hapa Tibirinzi.

Msimu wa karafuu ukifika, watoto hupungua chuoni. Wengine wako mashamba na wazee wao, na hilo tunalielewa. Lakini wapo wanaorudi nyumbani na karafuu mkobani, ilhali wazee wao hawana hata mkarafuu mmoja. Mama huuliza, "Umezipata wapi?" Mtoto hujibu, "Nimeokota." Basi, yameisha. Karafuu zinaanikwa, zinauzwa, na jirani akija kulalamika huambiwa, "Mtoto huyo, hajui kitu."

Tujiulize, mtoto huyu amefunzwa nini siku hiyo? Amefunzwa kwamba cha mtu huchukulika, na kwamba uongo mdogo unatosha kumnyamazisha mama. Kesho hatakomea kwenye karafuu.

Sasa tumtazame Mtume wetu (S.A.W.). Amepokea Abu Hurayra (R.A.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Hasan bin Ali (R.A.) alipokuwa mdogo alichukua tende moja katika tende za sadaka akaitia mdomoni. Mtume (S.A.W.) alimkataza papo hapo ili aitoe, akamkumbusha kuwa wao hawali sadaka. Ilikuwa ni tende moja tu, na mtoto ni mjukuu wake kipenzi, aliyekuwa akimbusu na kumbeba. Hakusema, "Bado mdogo." Wala hakumpiga. Alimzuia, kisha akampa sababu.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani njia ni mbili tu, kumwachia au kumchapa. Baba humwachia mwaka mzima, kisha siku moja hasira zikampanda akashika bakora. Hayo si malezi.

Wala hatusemi mtoto anyimwe raha. Sikukuu ikifika mleteni hapa viwanjani Tibirinzi, apande pembea, anunue anachokipenda. Lakini pesa yake ya sikukuu ikiisha, iwe imeisha. Akilia, mwacheni alie. Wazee wetu walisema: mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Na sisi walimu tumo. Mara ngapi mtoto hakuhifadhi sura yake, nasi tukampitisha kwa kumwonea haya baba yake? Huko nako ni kudekeza.

Nanyi wanafunzi wetu, ukikatazwa jambo usidhani unachukiwa. Asiyekujali ndiye asiyekuuliza ulikotoka.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie watoto watakaokuwa kitulizo cha macho yetu, na atupe sisi wakubwa moyo wa kuuliza, "Umezipata wapi?" na kulisubiri jibu la kweli. Aamin.

Wabillaahi tawfiiq.