Mita Moja, Vyumba Vinane
Katika ploti nyingi wanamopanga wanafunzi hapa Eldoret, vyumba kadha hutumia mita moja ya stima, na gharama hugawanywa sawa kwa sawa. Sioni haki katika mgawo huo. Taa ya wati 10 huhitaji saa 100 ili kumaliza yuniti moja. Koili ya wati 1,000 huimaliza kwa saa moja. Anayesomea taa, basi, humlipia anayechemsha maharagwe, na baridi yetu ya Julai huifanya koili ikeshe. (Nimemlipia jirani mihula miwili, kwa hivyo ukali wangu usamehewe.)

Baadhi ya wenye ploti hupiga marufuku koili. Afadhali kila chumba kiwekewe mita yake ndogo. Hadi hapo, wapangaji wasome wati zilizoandikwa kwenye kila kifaa, wazidishe kwa saa za matumizi, kisha wagawanye kwa 1,000. Vifaa kama friji hutatiza, kwani hujiwasha na kujizima. Sisi wa Kiswahili husingizia kutojua hesabu, ilhali twahesabu mizani za shairi bila kukosea!

Jirani wa koili alipoonyeshwa hesabu hiyo alikubali kuongeza mchango wake. Mwenye ploti angali anagawanya kwa nane.